Dakika 15, slaidi 41 na woga: namna ya kusimama mbele ya kikao cha wadau

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa viazi mviringo, mkoa wa Njombe. Julai hii tumepewa dakika 15 kwenye kikao cha wadau kilichoitishwa na halmashauri. Mgeni rasmi ni mkuu wa wilaya, na watakuwepo madiwani, watu wa benki, wanunuzi na wakulima wenzetu. Tunataka tujengewe kituo cha kuuzia viazi chenye mizani, maana lumbesa, yaani magunia yanayojazwa kupita kipimo, inatumaliza. Tulipima magunia kumi yaliyofungwa na wanunuzi, wastani ukawa kilo 132 kwa gunia. Nimeandaa slaidi 41. Mwenyekiti wetu anataka ziwe za Kiingereza kwa sababu atakuwepo mgeni wa shirika. Shida yangu kubwa ni woga. Mara ya mwisho, kwenye mkutano wa kata, nilitetemeka, sauti ikakauka, nikaishia kusoma ukutani mpaka watu wakaanza kuchezea simu. Tangu hapo najiona sikuzaliwa kuwa msemaji. Rafiki yangu ananiambia nikariri yote neno kwa neno. Kaka yangu anasema ninywe kikombe cha ulanzi kabla ya kuingia. Nifanye nini? Na nivae nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimekusoma mara mbili, na kilichonishika si woga wako, ni hizo kilo 132. Umezitaja harakaharaka kama mtu anayepita njia, halafu ukarudi kwenye kutetemeka. Nitakujibu yote, lakini ujue mapema kwamba woga wako una sehemu mbili. Moja ni ya mwili, na hiyo kila binadamu anayo. Nyingine inatokana na maandalizi yenyewe: umejiandaa kuonekana unajua mambo mengi, hujajiandaa kuomba kitu kimoja.

Nianze na mwili, maana ndio unaokunyima usingizi. Macho mia moja yakikuelekea kwa pamoja, mwili wako hauulizi kama ni ya madiwani au ya chui. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia misuli mikubwa ili utimue mbio au upigane, viganja vinabaki baridi. Mate yanapungua, ndiyo maana ulimi unanata. Pumzi inakuwa fupi, ya juu kifuani, na misuli ya koo inakaza. Sauti ikitoka kwenye koo lililokaza, tena kwa pumzi fupi, haina budi kutetemeka. Hata filimbi ikipulizwa na mtu aliyetoka kupanda mlima hulia hivyo hivyo. Katika yote hayo hakuna hata moja linalosema hukuzaliwa kuwa msemaji. Nimewafundisha wachungaji waliohubiri miaka ishirini, na ukiwashika mkono kabla hawajapanda madhabahuni utadhani wametoka kuosha vyombo kwa maji ya mtoni.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Unaamini ukumbi mzima ulikuwa unakuona unavyotetemeka. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, walichapisha mwaka 2003 majaribio juu ya hilo hilo: wazungumzaji walijiona wana woga mwingi kuliko watazamaji walivyowaona. Na wale walioelezwa mapema kwamba woga wa ndani hauonekani sana kwa nje walizungumza vizuri zaidi, kwa maoni yao wenyewe na ya waliowasikiliza. Kwa hiyo dawa ya kwanza umekwisha kuinywa kwa kusoma aya hii. Wale wa mkutano wa kata hawakuchezea simu kwa sababu ulitetemeka. Walichezea simu kwa sababu uliwageuzia mgongo ukasoma ukuta.

Siku yenyewe, mshereheshaji akiwa bado anatambulisha watu, vuta pumzi kwa pua huku ukihesabu hadi nne, kisha itoe taratibu ukihesabu hadi saba. Rudia mara sita. Kazi inafanyika pale unapotoa: kuna mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni, na kila unapotoa pumzi polepole unaupunguzia moyo kasi. Kabla ya hapo toka nje, zunguka jengo mara moja, maana misuli iliyojaa adrenalini inataka kutumika. Beba maji ya uvuguvugu. Maji baridi ya Njombe mwezi Julai yatakukaza koo zaidi.

Ulanzi, hapana. Ni kweli pombe hulegeza woga, ila hulegeza pia ulimi, kumbukumbu na hesabu yako ya muda. Tena ulanzi wenyewe hauna kipimo: mtogwa mtamu wa asubuhi si mkangafu mkali wa jioni, na wewe hutajua kikombe chako kimefika wapi kati ya hivyo viwili mpaka uwe umeshasimama mbele ya mkuu wa wilaya.

Kukariri neno kwa neno namuelewa rafiki yako kwa nini anakushauri, kwa sababu kunatuliza moyo usiku wa kuamkia. Asubuhi ndipo kunapokugeuka. Maneno yaliyokaririwa hushikana kama shanga kwenye uzi mmoja: kila neno linaitwa na lililotangulia. Diwani akikohoa, mtu akaingia amechelewa, ukaruka neno moja, uzi umekatika na shanga zote ziko chini. Na ukiwa na hofu, kumbukumbu ya namna hiyo ndiyo ya kwanza kukimbia. Kariri sentensi mbili za kufungua na sentensi mbili za kufunga, hizo tu. Katikati uwe na njia unayoijua, kama unavyoijua njia ya kwenda shambani kwako: huikariri hatua kwa hatua, unajua tu baada ya daraja kuna mparachichi. Andika vituo vya njia hiyo kwenye vipande vya manila, maneno matano matano, na uvipe namba. Namba usizisahau, vikidondoka utanishukuru.

Sasa kazi yenyewe. Chukua karatasi tupu uandike: kikao kikimalizika, nani afanye nini? Kwa mnavyoeleza shida yenu, jibu ni kama hivi: halmashauri ikubali kutuwekea kituo chenye mizani iliyohakikiwa kabla ya msimu ujao. Hiyo ndiyo sentensi yako. Kila slaidi ijieleze mbele yake: unamsaidia aliyekaa meza kuu kukubali, au humsaidii? Historia ya kikundi tangu kuanzishwa, orodha ya wanachama, picha ya siku ya kupokea cheti, aina za mbegu mnazopanda, hayo yote ni mazuri na hayamsaidii. Slaidi 41 ndani ya dakika 15 ni sekunde 22 kwa kila moja. Hata mtu wa sinema hawezi.

Wengi hudhani slaidi nyingi zinaonyesha umefanya kazi. Kinachotokea kichwani mwa msikilizaji ni kingine. Maneno tunayoyasoma na maneno tunayoyasikia yanapigania mlango mmoja. Ukimwekea mtu aya ukutani na hapo hapo ukamsomea aya hiyo, yeye anasoma kwa haraka kuliko wewe unavyotamka, anafika mwisho, anakusubiri, anachoka. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ametumia miaka mingi kulipima hili: watu huelewa vizuri zaidi picha inapoelezwa kwa sauti kuliko picha, sauti na maandishi yale yale vikirundikwa pamoja. Tena sehemu ya akili inayoshika mambo mapya kwa wakati mmoja ni ndogo, inabeba mambo machache tu kabla hayajaanza kumwagika. Mwaka 1978 Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa vita dhidi ya Idi Amin, hoja yake ilisimama juu ya mafiga matatu: uwezo, sababu na nia. Waulize wazee wa kijijini kwako, watakutajia yote matatu. Kisha waulize hotuba ile ilisema nini kingine.

Basi zibaki nne. Ya kwanza picha ya gunia la lumbesa lenye kilemba chake, bila neno hata moja. Ya pili hesabu. Ya tatu ramani ya barabara ikionyesha mnapotaka kituo na vijiji vitakavyohudumiwa. Ya nne ombi lenu, pamoja na kile ambacho kikundi mtachangia, kiwanja, mawe au nguvu kazi, maana halmashauri humsikiliza zaidi anayekuja na kitu mkononi. Zile 37 usizifute. Ziweke kwenye karatasi za kugawa, na uzigawe ukishamaliza. Ukigawa mwanzoni umewapa kitu cha kusoma badala ya kukusikiliza.

Tukae kidogo kwenye hesabu, maana hapo ndipo wasilisho lako litakaposimama au kuanguka. Ukisema "wastani wa kilo 132 kwa gunia", watu wataandika 132 na kuisahau kabla ya chai. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Mliyopima ni kumi. Kumi mara 132 ni kilo 1,320. Kwa hiyo sema hivi: "Kwa kila magunia kumi tunayolipwa, tunatoa kumi na matatu." Halafu nyamaza. Hesabu moyoni hadi tatu. Utaona kama umenyamaza nusu saa, wao wataona umepumua.

Ningekuwa mimi, nisingeishia kwenye slaidi. Ningepima kiroba cha viazi chenye kilo 32 kamili, nikakiweka sakafuni mbele ya meza kuu tangu asubuhi, bila kueleza ni cha nini. Watu watakitazama muda wote wa hotuba za ufunguzi. Ukifika kwenye hesabu, muombe diwani kijana akinyanyue. Si mgeni rasmi, usimtie aibu mtu mzima mbele za watu. Akishakibeba, sema: "Hicho alichobeba mheshimiwa ndicho kinachopandishwa juu ya kila gunia bila kulipwa." Mzigo ukishaingia mikononi mwa mtu mmoja, ukumbi mzima unausikia mgongoni.

Ila kuwa mwaminifu. Magunia kumi ni machache, kwa hiyo sema "magunia kumi tuliyopima sisi", usiseme "magunia ya Njombe". Na hakikisha jibu la swali hili unalo kabla hujaondoka nyumbani: mizani mliyotumia ilikuwa imehakikiwa na Wakala wa Vipimo? Kama haikuwa, pimeni upya kwa mizani yenye alama ya uhakiki. Mtu wa benki au mnunuzi atauliza, na ukibabaika hapo mengine yote yatapukutika. Kumbuka pia kwamba wanunuzi wamo ndani. Usiwaite wezi. Wapo wanaofunga lumbesa kwa sababu anayewapokea sokoni mjini naye ananunua kwa gunia, si kwa kilo. Onyesha kwamba mizani inamlinda hata mnunuzi, maana atajua hasa alichokilipia. Ukimpa mtu njia ya kukubali bila kuaibika, atakubali.

Kuhusu Kiingereza, mwenyekiti wenu ana nia njema lakini anapima kwa mtu mmoja. Wenye uamuzi ni halmashauri, na kikao chao ni cha Kiswahili. Wewe mwenyewe unadai mali yako kwa Kiswahili kila siku. Kwa Kiingereza utakuwa unatafuta maneno badala ya kutafuta macho ya watu. Mwandalieni mgeni muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiingereza, akae jirani na mtu wa kumnong'oneza. Kama shirika lake ndilo lingekuwa linatoa fedha, ningekujibu tofauti kidogo: slaidi ya ombi ningeiandika kwa lugha zote mbili. Na ukifungua kwa salamu moja ya kwetu, "Kamwene", ukumbi utalegea mabega.

Projekta usiitegemee. Kumbi nyingi za kwetu hazina mapazia, na jua la saa nne likiingia dirishani picha inakuwa kama ukungu wa milima ya Kipengere. Mimi niliwahi kuwasilisha mbele ya kikao kama chako, umeme ukakatika nikiwa slaidi ya tatu. Nikasimama dakika nne nikitazama balbu, nikingoja jenereta. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akasema, bila hasira, "Mwalimu, tuambie tu wewe, huo ukuta ulikuwa unatuchelewesha." Nikaeleza bila ukuta, na lile ndilo wasilisho langu ambalo watu bado wananikumbusha. Chapisha slaidi zako nne kwenye karatasi kubwa za A3 kwa tahadhari. Mvua ya kupiga bati mpaka watu wasisikie, Julai umeiponea.

Itifaki nayo itakula muda wako usipoiwekea mipaka. Ukianza "mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa madiwani, mwakilishi wa benki…" ukataja mpaka mwenyekiti wa kitongoji, dakika tatu zimekwisha na kuna mmoja umemsahau atakayenuna. Mtaje mgeni rasmi kwa cheo chake, mtaje mwenyekiti wa kikao, sema itifaki imezingatiwa, kisha ingia kwenye gunia. Wala usiombe radhi kwamba wewe si mzungumzaji mzuri. Wengi hudhani ni unyenyekevu, kumbe unawaelekeza watu watazame kasoro ambayo wasingeiona. Panga maneno ya dakika 12, maana ratiba za vikao vyetu hazijawahi kurefuka kwa upande wa mwasilishaji.

Mazoezi yawe ya kusimama na kutoa sauti, mara nne au tano, kwa siku tofauti, simu ikipima muda. Kusoma kimyakimya kitandani si mazoezi. Kioo sikipendi: kinakufundisha kujitazama, na ugonjwa wako ni huo huo wa kujitazama. Mweleze mtoto wa darasa la tano, kisha muulize mnaomba nini kwa halmashauri. Akikujibu "mizani", umefika. Hapa Iringa huwapandisha wanafunzi wangu Gangilonga, mwamba ambao jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Mmoja anabaki juu, wengine wanashuka hatua arobaini, upepo unavuma. Anayepiga kelele hasikiki. Anayesikika ni yule anayekwenda polepole na kuzimalizia sentensi zake. Kwa Kiswahili neno zito mara nyingi tunaliweka mwisho, "tunaomba kituo chenye mizani", na pumzi ya mwoga huishia kwenye "chenye". Vuta hewa kabla ya sentensi muhimu, si katikati yake.

Macho usiyapitishe juu ya vichwa vya watu kama semina zinavyofundisha. Watu wanajua wanapokwepwa. Mpe mtu mmoja sentensi nzima, halafu hamia kwa mwingine upande wa pili. Kumkazia macho mkubwa muda mrefu kwetu si adabu, kwa hiyo mgeni rasmi mtazame unapofungua na unapotoa ombi. Na ukiambiwa asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, maneno ni 7 tu, usiamini. Tarakimu hizo zinatokana na majaribio ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967, yaliyohusu namna tunavyokisia hisia na mapenzi ya mtu, si namna ya kueleza bei ya viazi. Maneno yako yana kazi.

Maswali yakianza, sikiliza hadi mwisho, lirudie swali kwa ufupi ili wa nyuma wasikie, jibu kwa sentensi mbili. Usichokijua sema hukijui, taja siku utakayoleta jibu, na ulilete.

Lipo jambo ambalo ushauri wa maandishi hautoshi. Kama woga huu unakufanya ukatae kazi, ukose usingizi kwa wiki, moyo unakwenda mbio hata ukiwa nyumbani hujaitwa popote, au uliwahi kuzimia, hapo si suala la mazoezi tena. Nenda kituo cha afya ueleze hivyo hivyo ulivyonieleza, uombe rufaa ya kuonana na mtu wa afya ya akili. Tiba ya mazungumzo kwa hofu ya namna hii ipo na inasaidia. Kuna vidonge vya kutuliza mapigo ya moyo ambavyo watu hupeana kabla ya usaili. Usipokee cha rafiki. Kwa mwenye pumu vinaweza kubana kifua vibaya, na anayestahili kukuandikia ni daktari. Lakini kwa ulichonieleza, mtu aliyetetemeka mara moja kwenye mkutano wa kata na bado akakubali kusimama tena, sioni ugonjwa. Ukipata nauli ya Iringa, wiki moja kabla njoo ufanye mazoezi mara moja mbele yangu na wenzako watatu. Kurekebishwa na mtu anayekuona ni tofauti na kusoma.

Uliuliza uvae nini. Nguo uliyokwisha kuizoea, viatu unavyoweza kutembelea, na sweta zito. Njombe ya Julai kuna asubuhi jalidi linalala kwenye majani, na ukumbi wa saruji hauwahi kupata joto kabla ya saa tano. Mwili unaotetemeka kwa baridi na unaotetemeka kwa hofu unatetemeka vilevile, na ukiwa umesimama mbele ya watu utadhani ni hofu.